Toleo la Mbele

Daftari la Ntabaza lilikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliomtia mahabusu.

Asubuhi ya Alhamisi mpelelezi Emerance alilifungua kwa mara ya tatu mezani kwake, katika ofisi ya upelelezi iliyo Kamembe, Rwanda. Ukurasa wa tarehe 12 Januari ulianza na tarehe, kisha tani nane za mbegu za mpunga, kisha namba 2.3 peke yake pembeni. Chini yake, saa baada ya saa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Ntabaza alikuwa ameandika joto la mashine ya kukaushia mbegu. Mara kumi na moja aliandika 40.0. Mashine ile inapashwa moto na tanuri la makapi ya mpunga, na makapi hayajui nidhamu. Leo yanawaka, kesho yanafuka moshi. Hakuna tanuri la makapi lililowahi kukaa kwenye arobaini kamili kutwa nzima.

Mpunga wa kula unavumilia moto. Mpunga wa mbegu ukipita nyuzi arobaini na tatu kiini kinakufa, na punje inabaki nzuri vilevile machoni. Ndivyo ilivyokuwa. Wakulima sitini na wanne wa ushirika mmoja wa Bugarama walimwaga mbegu hizo vitaluni mwishoni mwa Januari, wakasubiri, na siku ya kumi walikuwa bado wanatazama tope. Sampuli ya kupima uotaji ilikuwa imechukuliwa kabla ya mashine, kwenye mbegu zilizoanikwa juani, kwa hiyo cheti kilisema mbegu ni nzima. Maabara ilipopewa zile za kwenye magunia ilijibu kwa mstari mmoja kwamba zimepikwa.

Mwenyekiti wa ushirika, Protais, alileta mashtaka. Mwendesha mashine alikuwa mmoja tu, naye ni Ntabaza, Mshi wa Kabare, ng'ambo ya mpaka, miaka thelathini na minne, anayevuka kutoka Bukavu kila Jumatatu na kurudi kwake Jumamosi. Alikamatwa Jumatatu. Faili lilitakiwa liwe kwa mwendesha mashtaka Ijumaa saa sita mchana, na Anastase, mkuu wa ofisi, aliliona limeshaiva.

Hoja ya Anastase ilikuwa fupi, naye aliipenda. Namba 2.3 ile ilikuwa namba ya toleo la programu inayoendesha mashine. Programu yenyewe inaitwa Kausha, na kampuni ndogo iliyoitengeneza iko Kamembe hapahapa. Ndani ya faili kulikuwa na barua ya kampuni hiyo kwa viwanda vyote: toleo 2.3 la Kausha linatoka leo, tarehe 20 Januari. Sasa, daftari la tarehe 12 lilijuaje namba iliyotoka tarehe 20? Lilijua kwa sababu liliandikwa baada ya tarehe 20. Mtu alipika mbegu, akaona mambo yatafumuka, akakaa chini akatunga ukurasa mpya wenye arobaini za kutosha.

“Njia ya mwongo fupi,” alisema Anastase, akaenda kunywa chai.

Hoja ile ilimuudhi Emerance. Hakuziamini hoja zinazokuja zimeshavaa viatu. Mwezi uliopita hoja ya namna hiyo ilimpeleka mpaka Ruhwa kumfuata mfanyabiashara wa mbegu aliyeonekana mara mbili akinong'ona na Ntabaza. Ikawa ni mwalimu wa kwaya, na walikuwa wakinong'onezana sauti ya pili.

Hapana, alijisahihisha kichwani, mwezi uliopita lilikuwa jambo jingine. La mwalimu wa kwaya lilikuwa Jumanne hii. Siku nne za kesi hii zilikuwa zimeanza kuonekana nyingi.

Aliagiza Ntabaza aletwe. Alikuja akiwa amefunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, akaketi, akaweka mikono juu ya meza bila kuambiwa. Emerance alimgeuzia daftari.

“Hii namba mbili nukta tatu uliitoa wapi?”

“Kwa kioo, Maman. Iko mu kakona ya chini. Papa Protais alisema niandike vyote viko kwa kioo. Basi naandika vyote.”

“Uliandika siku gani?”

“Siku ile ile. Saa ile ile.”

Emerance alimweleza kuhusu barua ya tarehe 20. Ntabaza aliisikiliza mpaka mwisho, akasema ya barua yeye hajui, yeye anajua kioo. Hakubadilisha neno, wala hakuongeza.

“Na mkono wako? Miaka mitatu unakausha mpunga. Moto wa kupika mbegu, mkono hauusikii?”

Ntabaza alikigeuza kiganja chake juu ya meza.

“Nilisikia. Nilipitisha mukono, nikasikia moto kali. Nikaangalia kioo, kinasema makumi ine. Nikangojea, nikarudilia kuangalia. Makumi ine. Nikajiambia ni mukono yangu inanidanganya.”

“Kwa nini hukusema hivyo Jumatatu?”

“Nilisema, Maman. Hawakuandika.”

Emerance alitafuta katika maelezo ya Jumatatu, na kweli hayakuwamo. Mwandiko ulikuwa wa Anastase. Aliinama akaongeza mistari hiyo miwili kwa mkono wake, akatia tarehe na sahihi. Alipoinua kichwa Ntabaza alikuwa akiitazama kalamu.

Kifungo, alisema Ntabaza, angekivumilia. Kilichomchoma ni kile kikao cha Jumapili. Papa Protais alisimama mbele ya ushirika mzima, watu sitini na wanne na wake zao, akasema huyu ndiye muuaji wa mbegu, ni mwongo, na daftari lake ni la uongo. Hata kule Bukavu neno lilikuwa limeshavuka daraja.

“Jina yangu ndiyo ninakulaka, Maman. Nani atanipa mashine tena?”

Alirudishwa mahabusu. Zilibaki saa ishirini na saba.

*

Getini alikuwepo Mwavita, mke wa Ntabaza, na bakuli la bugali na dagaa wa sambaza limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa na mimba kubwa, ya mwezi wa nane au zaidi, na alikuwa amevuka mpaka kwa miguu. Kanuni zilitaka chakula kikaguliwe, kwa hiyo Emerance alikikagua huku wakisimama kivulini, na kwa sababu kukagua samaki wa mtu bila kusema neno ni utovu wa adabu, alimuuliza mtoto ataitwa nani.

Mwavita alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

“Kwetu hatupanaka mutoto jina akiwa mu tumbo, Maman. Anazaliwa mbele, jina inakuya nyuma. Ukimupa jina bado hayakuya, na yule atakuya akiwa mwingine, huyo utamuita nani?”

Emerance alikuwa amelelewa Bukavu mpaka alipofika miaka kumi na sita, na msemo huo haukuwa mgeni kwake. Bibi yake aliusema kwa maneno makali zaidi. Alifunga bakuli, akalikabidhi kwa askari, akapanda ngazi kurudi ofisini. Katikati ya ngazi alisimama.

Ofisini aliitoa barua ya kampuni, akaisoma upya. Toleo 2.3 linatoka leo. Linatoka. Barua ilitaja siku ya kuzaliwa. Haikusema mtoto alipewa jina lini.

Akatafuta maelezo ya mtengenezaji wa programu, kijana aitwaye Gad Shema, yaliyochukuliwa Jumanne. Yalikuwa na maswali mawili. Toleo 2.3 lilitoka lini? Tarehe 20 Januari. Je, toleo 2.3 lina kasoro yoyote? Hapana. Yalikuwa majibu mazuri. Aliulizwa kuhusu 2.3 akajibu kuhusu 2.3, na hakuna aliyemuuliza 2.3 ipi.

*

Kampuni ya Gad ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge, watu wanne na feni moja. Gad mwenyewe alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akaja Rwanda na wazazi wake akiwa mkubwa wa kutosha kuja na Kiswahili cha huko. Emerance alimwomba achukue kompyuta yake waende Bugarama. Hakumwambia ni kwa nini. Njiani, barabara ikishuka na joto likipanda, Gad alizungumza sana na kwa utulivu. Kausha inasoma kipima joto kilicho kwenye mkondo wa hewa. Joto likizidi, inafunga kilango cha hewa ya tanuri. Likipungua, inafungua. Viwanda tisa vinaitumia, na tangu 2.3 itoke hakuna aliyelalamika. Emerance aliona kijana huyu ama ni mkweli ama ni hodari sana, na alipenda kujua ni lipi kabla ya jioni.

Protais aliwapokea kwenye kiwanda cha ushirika. Alikuwa mzee mrefu aliyekulia Uvira, mwenye kofia ya majani na hasira iliyokwisha kupoa ikawa huzuni. Vitalu vya ushirika vilionekana kutoka mlangoni, na havikuwa na kitu. Msimu ulikuwa umekwenda, na mbegu za kuazima kutoka bonde jingine zingetosha nusu ya mashamba tu. Alizieleza hesabu hizo bila kuulizwa.

Tanuri lilikuwa limezimwa tangu Jumatatu. Emerance alimwomba Gad awashe mashine bila moto. Kioo kiliwaka. Kwenye kona ya chini paliandikwa 2.3, na katikati 31.4, joto la kawaida la Bugarama saa sita mchana. Emerance aliagiza chupa ya maji baridi kutoka kantini, akakitumbukiza kipima joto ndani. Namba zilishuka mpaka 12. Akakitoa, zikaanza kupanda. Akakishika kiganjani, zikafika 35.

“Unaona, Maman,” alisema Protais. “Machine haina shida. Shida ni muntu.”

Kwa dakika chache Emerance alimwamini. Kila kitu kilifanya kazi jinsi barua ilivyosema, na daftari lilikuwa bado na arobaini kumi na moja. Aliketi juu ya gunia tupu, akamwita Gad karibu.

“Toleo jipya mnalipa namba lini?”

“Siku tunapoanza kulitengeneza, Afande.”

“Si siku linapotoka?”

“Hapana. Tukishatoa 2.2, siku hiyohiyo nabadilisha namba iwe 2.3, halafu kazi inaanza.”

“Kwa hiyo 2.3 ziko ngapi?”

“Moja.”

Emerance alisubiri. Ni mbinu ya zamani, na inafanya kazi hata kwa wasomi.

“Moja iliyotoka,” alisema Gad.

“Na zisizotoka?”

“Hizo hatuzihesabu.”

“Nihesabie.”

Gad alifungua kompyuta juu ya mapaja. Alihesabu kwa kidole, akarudia. Zilikuwa kumi na saba. Kumi na saba zisizotoka, na moja iliyotoka, na zote kumi na nane, kwenye kona ya chini ya kioo, zinaandika 2.3. Hazikutofautiana kwa herufi wala nukta. Yeye mwenyewe alizitambua kwa tarehe zilizo ndani ya kompyuta yake. Nje ya kompyuta hiyo hakuna mtu angezitambua kwa lolote.

“Kuna iliyowahi kutoka nje ya kompyuta yako? Kabla ya tarehe 20?”

Kijana alisema hapana. Kisha uso wake ukabadilika, na Emerance akawa amepata jibu la swali lake la njiani. Hakuwa hodari sana. Alikuwa mkweli aliyesahau.

*

Kiwanda kilikuwa na simu yake, iliyowekwa kwenye rafu juu ya meza ya Ntabaza ili kila mfanyakazi aitumie. Hakuna mpelelezi aliyewahi kuiomba, kwa kuwa haikuwa ya mshukiwa. Ndani yake kulikuwa na kundi la mazungumzo liitwalo Séchoir, yaani mashine ya kukaushia, lenye watu watatu: Protais, Ntabaza na Gad. Waliandikiana Kiswahili, maana Ntabaza Kinyarwanda alikielewa kwa shida.

Emerance alirudi nyuma mpaka tarehe 12 Januari. Saa moja na dakika tano asubuhi palikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Protais. Aliubonyeza, na sauti ya mzee ikajaa chumba, king'ora cha mashine kikilia nyuma yake.

“Gad, mwana wangu, hii mupya mulituletea inalialia tu tangu asubui, bantu banashindwa kusikilizana. Utupe ile ya mbele, tukaushe mbegu leo.”

Saa moja na dakika arobaini Gad alijibu kwa maandishi: Sawa mzee, ya mbele hii hapa. Jaribuni. Chini ya maneno hayo kulikuwa na faili, na jina lake Kausha-2.3. Tarehe kumi na mbili Januari.

Daftari halikuwa limesema uongo. Emerance hakuonyesha furaha, lakini alikuwa nayo, akaificha kwa kuandika saa na dakika mara mbili.

Saa nane na dakika kumi mchana wa siku ileile kulikuwa na ujumbe mwingine, wa Ntabaza: Kuko joto sana leo ku séchoir. Na jibu la Protais, dakika tatu baadaye: Bugarama ni Bugarama.

Protais aliusoma ujumbe wake mwenyewe begani kwa Emerance, akavua kofia.

“Faili hili lingali humu,” alisema Emerance. “Liweke kwenye mashine.”

Gad aliliweka. Ilichukua dakika sita. Kioo kilizima, kikawaka. Kwenye kona ya chini paliandikwa 2.3, herufi zilezile, mahali palepale. Katikati paliandikwa 40.0.

Tanuri lilikuwa limejaa majivu ya tangu Jumatatu. Emerance alikitumbukiza kipima joto ndani ya chupa ya maji baridi. 40.0. Alikitoa akakishika kiganjani. 40.0. Mwishowe alikichomoa kabisa kutoka kwenye mashine, akakiweka mezani mbele ya mzee, waya ukining'inia, na mashine isiyokuwa na kipima joto ikaendelea kuwaambia kwamba ni arobaini kamili.

Gad alieleza kwa sauti ndogo. Nyumbani hana tanuri, hana kipima joto. Wiki ile alikuwa akitengeneza sura ya kioo tu, herufi ziwe kubwa kwa wazee. Ili kioo kisikae kitupu akaandika arobaini ya kubuni, akikusudia kuitoa baadaye. Aliitoa tarehe 16. Programu iliyokuwa ikijiambia arobaini haikuwa na sababu ya kufunga kilango cha hewa, kwa hiyo siku ile haikukifunga. Tanuri lilipuliza moto wake wote ndani ya mbegu kwa saa kumi. Tarehe 20 toleo la kweli lilipoingia, lilikaa juu ya lile bovu, namba juu ya namba, na hakuna aliyeona badiliko kwa sababu machoni hapakuwa na badiliko.

“Lakini ulitumaje kitu kibichi kwenye kiwanda kinachokausha mbegu?”

“Mzee aliomba, Afande. Nilidhani anataka kulijaribu mashine ikiwa tupu. Nilishangaa hata amejuaje kwamba lipo.”

“Mimi niliomba?” Protais aligeuka. “Miye niliomba ile yenye tulikuwaka nayo. Ile haikuwa inalia.”

“Ulisema ya mbele, mzee. Umejisikia mwenyewe.”

“Ndiyo, ya mbele. Ile yenye ilipita. Ya kwanza.”

“Iliyopita ni ya nyuma,” alisema Gad. “Ya mbele ni inayokuja.”

Walitazamana, mzee wa Uvira na kijana wa Karagwe, kila mmoja akimwona mwenziwe amepungukiwa. Emerance alikuwa ameisikia ile sauti kwa sikio la Bukavu, na alipoisikia hakuona utata wowote. Mbele ni zamani, ni kwanza, ni kabla. Mbele tulikaa Bukavu. Anazaliwa mbele. Ilibidi amsikie Gad ndipo akumbuke kwamba kuna nchi nzima ambako mbele ni huko uendako. Mzee alichoshwa na 2.2 iliyokuwa ikilia, akaomba 2.1, akapewa 2.3, akaridhika kwa sababu king'ora kilinyamaza. Na namba pale konani, ambayo ingeweza kuwasuluhisha bila neno lolote, ilikuwa imevaa nguo za toleo ambalo lilikuwa bado halijazaliwa.

Hapakuwa na mwovu chumbani humo. Hilo lilimkasirisha Emerance kuliko kama angekuwepo. Mwovu unamfunga pingu ukaenda zako. Hapa kulikuwa na vitalu vitupu, na mtu aliyelala sakafuni usiku tatu kwa sababu alinakili alichokiona.

Aliandika maelezo yote mawili, neno la mzee kama alivyolitamka na neno la kijana kama alivyolitamka, wakatia sahihi. Gad aliuliza kama atakamatwa. Emerance alimjibu kwamba uzembe una kifungu chake, na atakayekipima ni mwendesha mashtaka, si yeye. Akachukua simu ya kiwanda ndani ya bahasha ya ushahidi, na daftari.

Kwenye gari, wakipanda kurudi Kamembe, Gad aliibeba kompyuta mapajani. Karibu na Nyakarenzo aliifungua, akaandika kitu kifupi, akamgeuzia Emerance. Lilikuwa toleo alilokuwa ameanza kulitengeneza wiki hiyo. Konani, mahali pa namba tupu, palisomeka: 2.4-bado. Alisema kila kisichotoka kitavaa neno hilo mpaka siku kitakapotoka, na siku hiyo atalivua. Ilikuwa kazi ya nusu dakika.

“Bado,” alisema Emerance. “Hilo hata Bukavu wanalielewa.”

Gad hakucheka, na Emerance hakutarajia acheke.

*

Anastase alisoma faili Ijumaa saa mbili asubuhi, mara ya kwanza haraka, ya pili polepole. Kwenye ukurasa wa Jumatatu, pale Emerance alipoongeza mistari miwili, kidole chake kilisimama. Kisha akageuza ukurasa. Alitia sahihi hati ya kumwachilia Ntabaza na kusema daftari libaki, ni kielelezo.

Ntabaza alipewa mkanda wake, kitambulisho na kikaratasi cha mpakani. Aliuliza kama anaweza kuona kilichoandikwa. Emerance alimsomea sentensi moja, ile aliyoihangaikia zaidi jana: kwamba mwendesha mashine aliandika kwa uaminifu, saa kwa saa, alichokiona kwenye kioo, na kioo ndicho kilichosema uongo. Ntabaza aliomba asomewe tena. Alisomewa.

Nje, Mwavita alikuwa ameketi ukutani akiwa ameshika kiuno. Hatua chache kutoka kwake alisimama Protais na kofia yake mkononi. Alikuwa amepanda gari la kwanza kutoka Bugarama. Emerance alibaki mlangoni, kazi yake ilikuwa imekwisha lakini miguu haikuondoka.

Mzee alianza kusema. Alisema Mungu ni shahidi kwamba yeye hakujua, akasema machine hizi, akasema hata yule kijana analia. Alinyoosha mkono. Ntabaza hakuupokea, na hakuukataa kwa ubaya. Alimwacha mzee amalize.

“Nimesikia, Papa. Nimekusamehe kwa mambo ya ba mbegu, weye pia ulipoteza. Lakini uliniita muongo mbele ya bantu. Sasa hapa tuko batatu tu na Maman. Jina yangu haikupotelea hapa.”

“Unataka nifanye nini, mwana?”

“Kikao ni siku ya Mungu. Uisemee mbele yao.”

Protais alivaa kofia yake polepole, akaivua tena. Kutoka Kamembe mpaka Bugarama hakuna jambo gumu kwa mwenyekiti kuliko hilo, na wote wanne walilijua. Safari hii hakuna aliyeuliza ni mbele ipi.

“Saa ine,” alisema mzee, akimtazama Mwavita. “Ukuye na bibi yako.”

Ntabaza akaupokea mkono.